Sekunde Kumi na Moja

Tampere, Februari. Theluji imefika kwenye vioo
vya ghorofa ya chini, nami nafunga kihisi
kwenye kidole cha Oiva Rautio, miaka sabini na tisa,
kidole ambacho kucha yake ilichukuliwa na gogo
kabla mama yangu hajazaliwa.
"Kinapima nini?"
Jasho, namjibu. Mapigo. Kiasi cha mshtuko.
"Mngeniuliza tu," anasema, na anacheka
kicheko kikavu cha mtu aliyevuta tumbaku nusu karne.

Namvalisha miwani. Inamfunika hadi mashavuni.
Mto huu tumeujenga miezi kumi na minne:
maji yanayojipinda penye mwamba, magogo elfu mbili,
kila moja na gome lake, mlio wa chuma kikigonga mti.
Jumba la makumbusho ndilo linalolipa. Linataka kujua
kama mtu akiingia, ameingia kweli.
Wahenga walinena, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Sisi tunampa maiti dodoso.

Amesimama juu ya zulia la bluu.
Ananyanyua mguu, anaushusha polepole,
analijaribu kwa kidole gumba gogo lisilokuwapo
kama mtu aliyewahi kulipia kosa.
Kiganja kimeshika hewa, mahali pa upondo.
Kwenye skrini yangu mstari wa moyo umelala.
Kisha, dakika ya nne na nusu, anageuka kushoto
na mstari unapanda.

Kushoto hakuna kitu. Nasema hakuna:
Aleksi, mchoraji wetu, aliacha pale maji matupu
kwa kuwa mashine ilikuwa imelemewa.
Sekunde kumi na moja Oiva anayatazama.
Ramani ya macho imepaka doa pale, jekundu,
jekundu kuliko magogo, kuliko maporomoko
tuliyoyamwagia fedha ili yatoe povu.
"Hitilafu," Aleksi anasema. "Miwani imeteleza."

Namvua. Alama ya mpira imebaki kwenye paji.
*Kwa kiasi gani ulihisi kwamba uko pale?*
*Moja, sikuhisi kabisa. Saba, nilihisi kabisa.*
Anasoma mara mbili, anazungushia moja.
Swali la pili, moja.
La tatu, la kizunguzungu, analiruka.
"Mimi nimeishi juu ya magogo, binti."

Mbona moja, nauliza, nikijua kanuni zinanikataza.
Anavaa koti. Mkono wa pili unagoma, namsaidia.
"Mto ni wenyewe. Hata ile kona chini ya kinu
mmeipata. Lakini Reino alikuwa akisimama kushoto.
Kila siku, kushoto. Nimemngoja."
Anavuta kofia hadi masikioni.
"Kiangazi kile pia nilimngoja."

Asubuhi alikuwa amekuja Eeli, mtoto wa shule,
akapiga mayowe, akaruka, akaangusha stuli,
akazungushia saba, saba, saba,
hata penye swali lililouliza kama alitaka kutapika.

Jioni najaza jedwali. Kompyuta inakokotoa
kwa uaminifu wake usio na macho:
wastani, nne.
Nne ya nani? Hakuna aliyeingia chumba hiki
akahisi nne.

Mwisho wa jedwali kuna safu isiyo na jina.
Naandika: kushoto. Nafuta. Naandika tena.
Kisha nampigia Aleksi, saa tatu usiku.
Kuongeza mtu mmoja, namwambia,
amesimama tu, hafanyi lolote,
kutailemea mashine kiasi gani?
Anafikiri. Nasikia anatafuna kitu.
"Ana uso?" anauliza.